Jinsi ya Kumaliza Jitabu la Ngũgĩ Bila Chama cha Kusoma Kuvunjika

Msianze Machi. Mwezi huo Cheptiret nzima inawaza mbegu na mbolea, na hata mwalimu anayependa vitabu kuliko wote atakuwa shambani akingojea trekta. Acheni palizi ipite. Wizard of the Crow ya Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyoiandika kwa Kikuyu kisha akaitafsiri mwenyewe na kuitoa kwa Kiingereza mwaka 2006, ina kurasa zaidi ya 700. Mkisoma 40 kwa wiki kuanzia Juni, mtaimaliza Oktoba, mavuno yakibisha hodi.

Changeni mnunue nakala mbili, kisha someni kwa sauti. Hili ndilo la lazima, na tumelirithi. Caitaani Mũtharaba-Inĩ ilipotoka mwaka 1980, watu waliisoma hivyo majumbani na kwenye matatu. Ngũgĩ mwenyewe ameeleza kwamba baani msomaji alifika penye utamu, akaona glasi yake tupu, akakiweka kitabu chini mpaka wasikilizaji wamnunulie bia nyingine. Nanyi fanyeni vivyo hivyo kwa chai ya maziwa. Kikombe kikiisha, msomaji anyamaze, hata kama ni katikati ya sentensi, na kisijazwe mpaka kila mtu aseme anadhani nini kitafuata. Birika apewe yule aliyekwisha kusoma mbele kwa siri. Anahitaji kazi ya kumziba mdomo.

Kitabu kisomwe kwa Kiingereza, ubishi uwe kwa Kiswahili. Mtafaidi sana mkifika kwa mawaziri wa Aburĩria, nchi ya kubuni ya riwaya hii: Machokali aliyepanuliwa macho ili awaone maadui wa Mtawala, dikteta wa nchi hiyo, na Sikiokuu aliyekuzwa masikio ili awasikie. Hapo hakuna atakayeomba kamusi.

Mnaweza kukwama kwenye foleni ya watafuta kazi nje ya ofisi ya mfanyabiashara Tajirika, inayozidi kurefuka. Msiiruke. Mtu aliyewahi kupanga foleni ya mbolea ya ruzuku ataielewa kuliko profesa yeyote, kwa hiyo jioni hiyo mkulima aongoze kikao na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Moi wasikilize.

Sehemu za Konstebo Arigaigai Gathere mpeni mtu wa bodaboda, au yeyote anayejua kusimulia ajali hadi wateja wasahau mboga zao kwenye kaunta. Gathere ni polisi anayesimulia mikasa yake baani. Ndiye aliyewakimbiza Kamĩtĩ na Nyawĩra, wahusika wakuu wa kitabu, usiku, akasimamishwa na kifurushi cha mifupa na matambara ambacho Kamĩtĩ alikining'iniza mlangoni, pamoja na onyo kwamba nyumba ni ya mchawi anayeangusha hata kunguru kutoka angani. Kamĩtĩ alikuwa anajiokoa tu. Kesho yake polisi yuleyule akarudi, safari hii akiomba kuaguliwa. Ukurasa huo usomwe mara mbili, na msomaji asiharakishe.

Aliyekosa kikao aje tu. Waliokuwepo wamsimulie yaliyopita; watapingana wao kwa wao, na katika kupingana watagundua kilichowapita.

Kikao cha mwisho kiwe Jumapili mchana. Mkikiweka jioni, ubishi juu ya mwisho wa Mtawala utawapotezea wenzenu wa Kesses matatu ya mwisho.