Kichochoro cha Sentimita 42

Jumatatu. Nimeanza, kwa programu ya ArcGIS, kanzidata ya viwanja vya mtaa mmoja hapa Morogoro. Ndani yake nimetengeneza kasha, ambamo leya za viwanja, njia na bikoni hukaa pamoja kwa mfumo mmoja wa koordineti. Bila kasha huwezi kuweka kanuni kwamba viwanja visipandane. Kwenye toleransi nikaandika 0.001, nikidhani ni milimita moja. Data ikaingia: jedwalini majina ya wenye viwanja yamo yote, ramani nyeupe. Kumbe mfumo niliouchagua ni wa nyuzi. Nyuzi 0.001 ni kama mita 111, na toleransi ndiyo umbali ambao nukta mbili zikikaribiana hivyo, programu huzihesabu kuwa moja. Kiwanja cha mita 20 kwa 25 kitaponea wapi? Toleransi ya kasha ikishawekwa haibadiliki. Nimefuta lote.

Jumanne. Kasha la pili, la mita, WGS 84, UTM kanda ya 37 Kusini. Nimeingiza ramani ya zamani ya upimaji, na mtaa mzima umehamia kaskazini takriban mita 300, nyumba ya kwanza ikatua katikati ya uwanja wa mpira. Namba zile ni za mfumo mwingine, Arc 1960. Imeandikwa pembeni mwa ramani, kwa wino, na sikuisoma.

Jumatano. Umeme umekatika saa nne asubuhi, umerudi saa kumi.

Alhamisi. Ramani ya karatasi ikichorwa upya huacha mianya kati ya viwanja, sentimita tatu hapa, tano pale. Nikatengeneza kasha la tatu kwa toleransi ya nusu mita, nikaiamuru programu ihakiki topolojia. Mianya ikajifunga yote kwa mara moja. Nilifurahi sana.

Saa nane akaja mzee kuangalia mchoro. Nikamwamkia. Akavaa miwani, akapitisha ukucha juu ya mpaka wake taratibu, akarudi alikoanzia.

"Mwanangu, kichochoro kimekwenda wapi?"

Usiku usingizi umekuja kwa taabu. Mtu angepewa hati yenye mpaka ambao ardhini haupo, na mimi ndiye niliyeuchora.

Ijumaa. Nimekwenda na tepu. Mzee kashika ncha moja ukutani kwake, jirani kashika nyingine. Sentimita 42. Chini yetu maji ya kufulia yalikuwa yakipita na povu lake, yakielekea mtaroni.

Kasha la nne: nimeacha mita 0.001, ambayo ArcGIS huipendekeza yenyewe. Mianya naifunga mmoja mmoja kwa mkono, kila mmoja nikiulinganisha na daftari la upimaji. Leo nimefunga 19.

Mzee ameomba nakala. Kwa kipimo cha 1:1000 kichochoro hakifiki hata nusu milimita, hakionekani. Nimemchapishia kwa 1:200. Kimetoka na upana wa milimita mbili.