Sifa za krosi iliyokwisha

Injini imeshasifiwa vya kutosha, na wenye Land Rover za zamani wakianza kuisifu hawanyamazi. Mimi naisifu krosi, kile kiungo chenye umbo la msalaba kwenye ncha za propela, mhimili unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu. Tena si krosi mpya inayong'aa ndani ya boksi lake, bali ile iliyokwisha, ya propela ya nyuma, iliyokaa uvunguni miaka mingi ikila vumbi bila mtu kuikumbuka kwa grisi.

Sifa yake kubwa ni adabu. Mkanda wa feni hukatika mlimani bila kwaheri, taa huungua usiku bila taarifa, lakini krosi hupiga hodi. Ukiachia klachi: ko! Ukiondoa mguu kwenye mafuta: ko! tena. Mwendo ukiwa wa taratibu hulia kwi-kwi-kwi. Wiki zinapita, pengine miezi, yenyewe inagonga tu, na mwenye gari anaongeza sauti ya redio. Haikasiriki.

Ina nasaba pia. Wazungu wengi huiita kwa jina la Cardano, msomi wa Italia wa karne ya 16. Robert Hooke wa Uingereza aliichambua karne iliyofuata, na mwaka 1903 Mmarekani Clarence Spicer akapata hataza ya kuitumia kwenye magari, wakati mengi yalikuwa bado yanavutwa kwa minyororo. Redio yako haina wazee wa namna hiyo.

Ni mwalimu vilevile, ingawa ada yake hulipwa kwa vidole. Krosi inapozunguka ikiwa imepinda, upande wa pili huenda kasi na kupungua mara mbili katika kila mzunguko. Ndiyo maana propela ina krosi mbili: ya pili hufuta kosa la ya kwanza, mradi masikio ya ncha zote mbili yametazama upande mmoja. Fundi akiirudisha propela bila kuangalia alama, meno yakaruka hata moja, gari litamtetemesha abiria hadi asahau alikokuwa anakwenda. Fundi huyo atakuambia ni matairi.

Na uvumilivu utajifunza wapi, kama si uvunguni mwa gari? Nati za propela ni za inchi 9/16. Spana ya milimita 15 inaingia, lakini inapwaya na kula kona, na nati ikishakuwa mviringo mtajuana wenyewe. Propela ikishuka, toa klipu, gonga vikombe, uone maajabu: sindano za beringi zimegeuka unga mwekundu, na kila mkono wa krosi umechimbwa mifereji midogo iliyopangwa kwa nafasi sawa, kazi ambayo mchonga milango wa Zanzibar asingeionea haya. Kuingiza mpya ndiko kwenye raha zaidi. Sindano zinashikiliwa kwa grisi ndani ya kikombe. Moja ikianguka ikalala chini, kikombe hakifiki mwisho, klipu inakataa kukaa, na kijana anaongeza nyundo. Mwambie aache nyundo. Toa kikombe, simamisha sindano, anza upya.

Krosi ya nyuma ikivunjika kabisa, bado ina zawadi. Fungua propela nzima uitupe nyuma, bonyeza kile kitufe cha manjano, na Land Rover itavutwa na magurudumu ya mbele hadi nyumbani. Wapo waliomiliki gari hilo miaka mingi na hawakujua kitufe hicho ni cha nini mpaka krosi ilipowafundisha. Oktoba 2024 Land Rover zaidi ya 1,000 zilikusanyika Arusha kwa msafara, na watu wakazipigia makofi kwa uimara wao. Krosi ngapi zilikuwa zikigonga hodi siku ile, ngoma ilizifunika.

Basi ukiisikia yako, iheshimu kwa kuibadilisha. Ila jambo moja halina utani: katika Land Rover hizi za zamani breki ya mkono hushika propela ya nyuma, si magurudumu. Ukishaifungua propela, breki ya mkono haizuii tena magurudumu ya nyuma. Weka mawe mbele na nyuma ya matairi kabla hujaingia uvunguni.