Pimbi na Mwezi wa Sita

Majabali ya Masasi ni ya pimbi tangu enzi. Lakini jabali halizai korosho, kwa hiyo Bi Pimbi alipanda Newala kuomba kibarua cha kubangua kwa Bwana Nyani, aliyekuwa amejitwalia kiwanda kilichonyamaza miaka mingi. Mafuta ya ganda huunguza vidole. Jioni wabanguaji walishindwa hata kumega tonge. Malipo yalikuwa kwa kilo, na punje iliyovunjika haikulipwa.

Kila mwezi wa tano wa kazi ulipoisha, Nyani aliwapanga foleni. “Nendeni mkapumzike, wanangu.” Ghala bado limejaa! Wiki mbili baadaye aliwarudisha kwa karatasi mpya za mkataba. Alijua anachokwepa: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 35, haimkingi na kuachishwa kazi isivyo haki mfanyakazi asiyetimiza miezi sita. Wapo watakaosema afadhali sisi, maana Marekani, ukiacha jimbo la Montana, mwajiri aweza kukufukuza bila kukupa sababu. Kwa miezi sita hiyo, sioni Pimbi amemzidi nini Mmarekani.

Miezi miwili ndani ya karatasi ya pili, Bi Pimbi aliomba glavu. Akafukuzwa siku hiyo hiyo.

“Shikamoo, bibi,” alimwambia Kobe, aliyewahi kubangua humo.

“Marahaba, mjukuu wangu. Kifungu kile hukusomewa chote. Miezi huhesabiwa kwa mwajiri huyo huyo, mkataba uwe mmoja au zaidi. Mitano na miwili ni mingapi?”

“Karatasi anazo yeye. Atazichoma.”

“Azichome. Kifungu cha 15 kinasema mwajiri akishindwa kuleta maandishi, mzigo wa kuthibitisha ni wake. Ila wahi: kulalamika kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi una siku 30 tu.”

Siku 30 ni chache mno kwa asiye na nauli ya Mtwara. Wenzake wakamchangia, kila mmoja akilinyima tumbo lake.

Nyani alifika mbele ya Tume mikono mitupu, akadai hamjui Bi Pimbi. Mwamuzi akamtaka athibitishe. Akaomba shauri liahirishwe, likaahirishwa. Kesho yake, langoni Newala, msimamizi wake aliandikisha pimbi wengine wa miezi mitano, bila glavu. Bi Pimbi alikuwa palepale, akimwambia kila anayeingia aandike tarehe aliyoanza kazi, na karatasi hiyo aifiche nyumbani kwake.