Mjomba Sebene, Tokooos Imenikosanisha na Wakwe

Safu hii hupokea matatizo ya ndoa, mashamba, madeni na muziki. Mwezi huu matatizo yote yamekuwa ya muziki, na muziki wote umekuwa wa Fally Ipupa, mwimbaji wa Kinshasa. Majina ya waandishi nimeyaficha inavyotakiwa. Mmoja tu nimemwacha aitwe Kambale kama alivyosaini mwenyewe, kwa sababu kumtaja Kambale mjini Butembo si kutoboa siri. Liite jina hilo kwa sauti pale soko kuu uone ni wangapi watageuka.

*Mjomba, nakusalimia sana. Mimi ni kijana wa Furu, hapa Butembo, na mchumba wangu ni wa Beni, mtaa wa Matonge. Siku ya kwenda kujitambulisha kwao mambo yalikuwa mazuri mpaka tulipomaliza kula. Shemeji yangu mkubwa akaniuliza kwa upole tu: albamu gani ya Fally ni bora? Nikasema Tokooos. Watu wakanyamaza. Baba mkwe akaweka gilasi chini. Sasa wametuma ujumbe kwamba juu ya mbuzi wa mahari niongeze mmoja wa faini, eti mtu wa Tokooos hawezi kutunza nyumba. Nilipe? Kambale, Furu.*

Mwanangu Kambale, kosa lako ni kujibu. Ukweni mtu haulizwi ili ajibu, anaulizwa ili apimwe. Ulipaswa kusema, "Baba, sisi watoto tunasikiliza mnachosikiliza ninyi," kisha uongeze fufu kwenye sahani. Lakini maji yamekwisha kumwagika, basi tuitazame kesi yenyewe.

Tokooos ilitoka Julai 2017 kwa Elektra ya Ufaransa, chini ya Warner. Ndani yake wamo Booba, Aya Nakamura, Keblack na Naza, wasanii wa Ufaransa. Yumo pia R. Kelly, na wimbo huo siku hizi hata shabiki mkali anauruka bila kuambiwa, kwa sababu mahakama ya New York imekwisha kueleza mengi. Besi ni za kompyuta, sauti imepakwa mafuta, na nyimbo nyingi ni fupi kama redio za Ulaya zinavyotaka.

Ufupi huo ndio uliomwudhi baba mkwe wako. Yeye alimjua Fally kwa Droit Chemin, mwaka 2006, kijana akiwa ndiyo kwanza ametoka Quartier Latin, bendi ya Koffi Olomide. Alizoea wimbo unaoanza polepole, mwimbaji akilia mapenzi yake kwa utaratibu wote, beti baada ya beti, hakuna anayekimbia. Halafu ngoma inageuka. Gita la mi-solo linashika kipande kifupi na kukirudia bila kuchoka, solo linapanda juu yake, besi inaanza kurukaruka, atalaku anaingia na makelele yake, na mtu mzima aliyekuwa amekaa anajikuta amesimama na chupa mkononi, hajui aliinuka saa ngapi. Hiyo ndiyo sebene. Kwenye Tokooos, ukianza kukunja mikono ya shati ili uisubiri, wimbo umekwisha na mwingine umeanza. Mzee yule anasubiri tangu 2017. Mhurumie.

Hata hivyo, usitoe mbuzi kabla ya kumkumbusha jambo moja. Eloko Oyo imo katika albamu hiyohiyo. Nitajie harusi moja ya mwaka ule, kuanzia Kasindi hadi Lubero, ambayo haikupigwa. Na ule wimbo hauna mgeni: si Booba, si nani. Ni Fally peke yake, Lingala yake, na mdundo wenye vumbi la ngoma za kijijini. Albamu iliyotengenezwa ili iwashike Wafaransa ikawashika watu kwa wimbo uliotazama nyumbani. Muulize baba mkwe kama hakuucheza. Akikana, muulize mama mkwe.

Hukumu yangu: faini ni nusu mbuzi. Kwa kuwa nusu mbuzi haiwezi kutembea mpaka Beni, peleka kasiksi, pombe yetu ya ndizi, dumu moja, na ukifika usizungumzie muziki.

*Mjomba Sebene, mimi ni mwalimu, niko Beni. Wanafunzi wangu wa zamani wananicheka kwa sababu nasema Control ndiyo albamu kubwa ya Fally. Wao wanasema ni ndefu mno na inachosha. Nani ana haki?*

Mwalimu, nyote mna haki, na hilo ndilo linalowaudhi.

Control ilitoka Novemba 2018. Unakumbuka Novemba ile. Ebola ilikuwa imetangazwa tarehe 1 Agosti kule Mangina, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imeshuka hadi Butembo. Kila mlangoni ndoo yenye bomba na maji ya klorini, kila barabarani mtu anayekupima joto kwenye paji la uso, watu wanasalimiana kwa viwiko. Desemba tume ya uchaguzi ikatuambia Beni na Butembo hatutapiga kura na wenzetu. Katika hali hiyo, Fally anakuletea magita halisi, rumba ndefu, sauti isiyo na haraka, kama vile hakuna kinachotokea duniani. Ungeichukia vipi?

Lakini wanafunzi wako hawakuisikiliza wakinusa klorini, wanaisikiliza leo, kwenye simu, wakiwa na kazi. Wanaona alichotaka kufanya: alikuwa anawajibu watu waliosema Tokooos imemtoa kwenye rumba, na mtu anayejibu lawama huwa anaongea kuliko inavyohitajika. Magita ya Control ni bora kuliko chochote alichokuwa amefanya tangu Power Kosa Leka ya 2013. Nyimbo zenyewe angezipunguza kwa theluthi. Waambie vijana hivyo, na uwaambie ni mimi niliyesema, wewe ubaki na heshima yako.

*Wewe unayejiita Mjomba. Nina miaka zaidi ya sabini, nakaa Kambali. Naomba uwaambie vijana kwamba hiyo funk yao na pop yao ni ya wageni. Sisi tulikuwa na Franco na Tabu Ley. Mzee mwenye hasira.*

Mzee wangu, nakusalimia kwa heshima, na nitasimama nikijibu.

Septemba 1974, wiki chache kabla ya Muhammad Ali kumwangusha George Foreman, nani alipanda jukwaani Kinshasa? James Brown, na funk yake. Alikuja na B.B. King na wengine, na katika tamasha hilohilo Franco na Tabu Ley nao walipiga. Vijana wa Zaïko Langa Langa, walioanza bendi yao mwishoni mwa 1969, walikuwa tayari wameitupa tarumbeta na kuipa ngoma na gita kazi yote. Kuanzia hapo funk ilipewa uraia, tena bila kupanga foleni ya kitambulisho.

Na lawama hii si mpya, mzee. Papa Wemba alipotoa Emotion mwaka 1995 kwenye Real World, kampuni ya Peter Gabriel, mtayarishaji alikuwa Stephen Hague, mtu wa pop ya Uingereza, na ndani yake Wemba aliimba hata wimbo wa Otis Redding. Watu wa rumba walinung'unika vilevile kama wewe unavyonung'unika leo. Yeye alikuwa na dawa yake: bendi moja kwa ajili ya wazungu, na Viva la Musica kwa ajili ya nyumbani. Alikula meza zote mbili mpaka siku alipoanguka jukwaani Abidjan, Aprili 2016. Fally amejaribu kula meza zote mbili kwa sahani moja, na mchuzi umechanganyika. Hapo nakubaliana nawe. Kwamba ni mambo ya wageni, hapana.

*Mjomba, mimi ni mfanyabiashara wa Butembo. Mizigo yangu inatoka Guangzhou, inapita Mombasa na Kasindi. Kuna mtu wa Kinshasa anayeniambia kwamba nikitoa dola kadhaa jina langu litatajwa kwenye albamu ijayo ya mwanamuziki mkubwa. Wenzangu wanasema ni heshima. Niweke pesa?*

Tajiri, nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya kutuma.

Hiyo inaitwa libanga, na ni biashara ya zamani. Sebene zile ndefu za Werrason, JB Mpiana na Koffi, ambazo wazee wanazililia, hazikurefushwa na mapenzi ya gita peke yake. Majina yalihitaji nafasi ya kukaa: tajiri huyu, mheshimiwa yule, kaka fulani wa Brussels. Kila jina limelipiwa. Wimbo mfupi wa pop hauna viti vya wageni, ndiyo maana anayeuza albamu kwa kampuni ya Paris hana haja sana ya kumlilia tajiri wa Butembo. Hili mashabiki wa Tokooos wangelisema wangeshinda kesi nyingi, lakini hawalisemi, wanapiga kelele tu.

Sasa wewe. Mtu wa Butembo hujenga jengo la ghorofa nne huku akivaa koti lilelile la 1998, na ukimwuliza biashara inaendaje anakwambia, "Tunajaribujaribu." Hiyo ndiyo siri ya mji huu. Jina lako likishaimbwa kwenye sebene, wa kwanza kulicheza ni mkaguzi wa kodi wa DGI, wa pili ni wa kodi za mkoa, DGR-NK, wa tatu ni wajomba zako wote wa Musienene waliokuwa wameamini kwamba unajaribujaribu. Pesa hizo nunua mabati.

*Mjomba, nasafiri Beni–Butembo kila wiki. Dereva wetu hupiga Tokooos tangu rond-point Nyamwisi mpaka tunafika. Nimwambieje?*

Ni kilomita 54, na albamu haifiki mbali hivyo kwa ile barabara. Maana yake inaanza upya njiani. Mkiwa njiani mwambie kwa upole kwamba unaomba Droit Chemin. Akikataa, Kabasha kuna watu wanaouza ndizi: mnunulie. Dereva mwenye mdomo uliojaa habishani.

*Mjomba, mimi ni msichana wa Oicha, tumehamia Beni kwa shangazi. Jioni kaka zangu wanabishana Fally hivi, Fally vile, Tokooos ya kwanza au Tokooos II, wanafikia hata kununiana. Mimi naona aibu. Watu wanakufa, na sisi tunabishana nyimbo. Nakosea kuona hivyo?*

Dada, hapana, hukosei. Tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza, Beni na Oicha wanazika, na hakuna mtu mwenye haki ya kukuambia usione unachokiona.

Ila wasikilize kaka zako vizuri jioni moja. Wanapobishania kama Tokooos II ya 2020 ina kitu au haina kitu, kila mmoja amekaa nyumbani, anajulikana yuko wapi, na anamjibu mwenzake. Katika mji ambako watu wamezoea kulala wakisikiliza nje, si jambo dogo nyumba ikigombania kitu ambacho hakitaua mtu. Wakinuniana, subiri asubuhi.

Na waambie jambo hili pia, kwa sababu hawalitaji wanapobishana. Muziki wa hapa kwetu ulikuwa na Delcat Idengo, mtoto wa Beni, aliyeimba kwa Kiswahili na Kinande mambo ambayo wengine waliyanong'ona, akaingia jela kwa maneno yake, na tarehe 13 Februari 2025 akapigwa risasi Goma akiwa anapiga picha za klipu. Sauti yake haikuwa na utamu wa Fally, na studio zake hazikuwa na mtu wa Warner. Simweki kwenye mzani huu wa Tokooos na Control. Lakini kijana wa Beni anayejua majina ya wageni wote wa albamu ya Fally, na hawezi kutaja nyimbo mbili za Idengo, huyo mnunie wewe mwenyewe, na asubuhi usimwambie neno.

*Mjomba, mke wangu ananiuliza maneno ya wimbo yana maana gani. Mimi Lingala sijui. Nimeshabishana miaka kumi kuhusu mashairi ya Fally. Nifanye nini?*

Baba, hauko peke yako. Hapa kwetu wengi Lingala tuliifahamu kwa askari wa vizuizi vya barabarani kabla ya kuifahamu kwa waimbaji, na yule askari hakuwa anazungumzia mapenzi. Mwambie mama kwamba ni mapenzi, na kwamba mwimbaji ameachwa. Kwa rumba utakuwa sahihi mara tisa kati ya kumi. Kwa Tokooos punguza: humo mwimbaji mara nyingi amefika tu kwenye sherehe na hajaachwa na mtu. Kisha mtafute kijana aliyesoma Kinshasa, kaa naye kimya na daftari, na usiniandikie tena kuhusu mashairi mpaka umemaliza.

*Mjomba, neno moja tu, tuamue kesi hapa nganda, kwenye baa yetu: Fally au Ferre Gola?*

Kwa rumba, Ferre. Kwa albamu nzima ya kuweka mwanzo na kuacha iende mpaka mwisho, Fally, na albamu hiyo ni Droit Chemin, si Tokooos wala Control. Atakayenitafuta kwa jibu hili nimehamia Kasindi.