Shikamoo, Mtaalamu

Ukitaka mtaa mzima ukufahamu, usihangaike kugawa pilau siku ya Idi. Chimba shimo uani kwako, lisiwe la choo wala la kisima, halafu ukiulizwa ni la nini, jibu kwamba ni la urembo.

Mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa Kigamboni, na shimo langu lilikuwa la bwawa. Nilikuwa na kiwanja cha kichanga, mnazi, mwarobaini, na muda mwingi ambao mke wangu alikuwa akiutazama kwa wasiwasi. Nikaamua kutengeneza bustani ya maajabu: bwawa lenye yungiyungi, sanamu za saruji nilizofinyanga mwenyewe, na vyetezo vinavyofuka ubani jioni chini ya miti. Kibarua alianza kuchimba asubuhi kwa amani. Ilipofika adhuhuri, uzio wangu wa michongoma ulikuwa umeota vichwa. Mama wa genge ndiye aliyenipasha: inasemekana nimepata ramani ya mali ya Mjerumani.

Nchi hii kila ukoo una mjomba aliyekaribia kulipata sanduku la rupia lililofukiwa na Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na mjomba huyo sikuzote huzuiwa na nyoka. Kwa hiyo watu hawakuwa wakijiuliza kama nachimba hazina. Walikuwa wakijiuliza nyoka kapewa nini. Kibarua naye akatua jembe akaomba tuelewane upya: kama ni bwawa, ujira uleule, kama ni sanduku, asilimia.

Sanduku halikutoka. Tukasiliba shimo kwa saruji, tukalijaza maji, nikamimina vifaranga vya perege. Asubuhi wote walikuwa wanaelea ubavu. Sababu yake ni ya darasani: saruji mpya hutoa chokaa, maji yanakuwa makali, na bwawa la namna hiyo hutakiwa kujazwa, kuachwa, kumwagwa na kujazwa tena na tena kabla samaki hajatia pua. Nilimweleza hivyo kila aliyechungulia. Mtaa ukanisikiliza kwa adabu, kisha ukatoa maelezo yake, mafupi zaidi ya yangu: maji yale hayataki kiumbe. Perege wa awamu ya pili walipopona na kunenepa, nilidhani nimesafishika jina. Akaja kenge akawamaliza, na mtu aliyemwona kenge akitoka kwangu alfajiri alikula kiapo kwamba kenge alifunga geti.

Nikahamia kwenye sanamu. Kazi yenyewe haina siri. Unakunja nondo nyembamba kupata mifupa, unaivika waya wa kuku, unaikaza kwa waya wa kufungia, kisha unapaka saruji, ndoo moja kwa ndoo tatu za mchanga. Mikono inachunika, kucha zinakwisha. Halafu inakuja sehemu ambayo mafundi wengi huiruka: saruji haitakiwi ikauke haraka. Ikikauka juani inapasuka, kwa hiyo unaifunika magunia na kuimwagilia maji kwa wiki nzima.

Sanamu ya kwanza ilikuwa nguva, nusu mwanamke nusu samaki, amesimama kwa mkia kando ya bwawa, kimo cha mtu mzima. Magunia yaliishia kiunoni. Huku juu nikamfunika shuka jeupe la kitandani, nikalilowesha, nikaenda kulala.

Jirani yangu wa kulia alikuwa na mlinzi, mzee mmoja jasiri aliyekuwa na desturi ya kutusimulia jinsi alivyowahi kukabana na simba kwao Rufiji. Usiku ule mbalamwezi iliwaka na upepo wa bahari ukalishika shuka. Sisi ndani tulisikia kitu kimeangukia mabati, kisha kimya. Asubuhi tulikuta rungu, tochi ikiwa bado inawaka, na kandambili ya mguu wa kushoto. Mwenyewe alimpigia simu tajiri wake akiwa stendi, akamwomba mshahara wake utumwe kwa simu na kandambili ibaki hukohuko.

Nilipomfunua nguva, uso haukuwa ule nilioukusudia. Shavu moja lilikuwa limeshuka, na macho, niliyoyatengeneza kwa vitako vya chupa za soda za kijani, yalitazama pande mbili tofauti. Taa ya pikipiki ikiyapiga usiku, yanajibu. Bodaboda wakaanza kunishusha kwenye kona, kwa bei ileile ya kufika nyumbani. Sanamu zilipoongezeka, dalali aliyeleta mteja wa kiwanja cha jirani alisimama, akahesabu sanamu zangu, akaniuliza kwa sauti ya msibani, “Poleni sana. Hawa wote ni wa familia moja?” Alidhani ni makaburi. Mteja hakurudi, maana kiwanja kinachopakana na makaburi bei yake huzungumzwa kwa kunong’ona.

Nilijipa moyo kwa kusoma habari za wenzangu. Nek Chand alikuwa mkaguzi wa barabara mjini Chandigarh, India. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alianza kuokota sahani zilizovunjika, bangili na mabaki ya ujenzi, akawa anajenga sanamu kwa siri ndani ya msitu wa serikali. Wakubwa walipogundua katika miaka ya 1970, alikuwa amekwishajaza eneo kubwa. Badala ya kuvunja, mwaka 1976 wakaifungua bustani kwa umma, na yeye wakamlipa mshahara aiendeleze. Bahati yake ni msitu. Msitu hauna mama wa genge. Niki de Saint Phalle, msanii wa Kifaransa, alijenga bustani ya sanamu kubwa kubwa huko Capalbio, Italia, ikafunguliwa mwaka 1998. Wakati wa ujenzi aliishi miaka kadhaa ndani ya sanamu mojawapo, ya mwanamke, chumba cha kulala kikiwa katika titi moja na jiko katika la pili. Nilimsomea mke wangu habari hiyo ili aone nilivyo na kiasi. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, “Mzee, wewe nguva wako hana hata pa kuweka sufuria.”

Aliyenigusa zaidi ni Helen Martins, wa kijiji cha Nieu-Bethesda, Afrika Kusini. Kuta za ndani alizinakshi kwa vioo vilivyosagwa, uani akajaza ngamia na bundi wa saruji, wengi wakitazama mashariki. Kijiji kikamwona si mzima, naye akajitenga nacho mpaka alipofariki mwaka 1976. Leo nyumba yake ni makumbusho, na watalii hukifuata kijiji kile kwa ajili yake. Bundi, jamani! Angewasimamisha bundi wale Kigamboni, kikao cha mtaa kingeitishwa kabla saruji haijakauka.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa mambo. Mwenye bustani huleta saruji na mgongo unaouma. Maajabu yenyewe huletwa na majirani, bure, na usiku.

Basi nikaingia hatua ya mwisho, ya mapambo. Nilijiwekea sharti: hakuna kitu cha tambiko halisi kitakachoingia. Huko Kenya, vigango vya Wagiriama, nguzo wanazowasimikia wazee wao waliotangulia, vimeibwa na kuishia kwenye makumbusho ya Marekani, na sikutaka kuwa na kitu ambacho kuna ukoo unakililia. Vyangu vyote nilivinunua sokoni na risiti ninayo. Chetezo cha udongo, kibuyu, shanga, ungo. Ungo nikautundika ukutani, kibuyu nikakivika shanga, na juu ya mwarobaini nikafunga vitambaa virefu vya kupepea. Rangi nilizichagua kwa kufuata kanuni za uchoraji, rangi chache zinazoshindana: nyekundu, nyeupe na nyeusi.

Mke wangu alisimama mlangoni, akatazama vitambaa, akatazama ungo, akatazama moshi wa ubani. “Umebakiza kubandika karatasi kwenye nguzo za umeme,” akasema, “uandike na namba ya simu.”

Karatasi haikuhitajika. Nchi iliyopanga foleni ya kilomita na kilomita mwaka 2011 kufuata kikombe cha dawa cha shilingi 500 kwa Babu wa Loliondo haihitaji tangazo. Vijana waliokuwa wakiniamkia “Shikamoo mwalimu” wakaanza kuniamkia “Shikamoo mtaalamu”, na wanapotamka hivyo wanavua kofia.

Mteja wa kwanza alikuwa kijana mwenye mkeka wa kubeti. Hakutaka dawa, alitaka niutazame tu. Nikavaa miwani, nikautazama. Miaka yote niliyofundisha jiografia sikuwahi kumpata mwanafunzi aliyeningoja nimalize kusoma kwa heshima ile. Nikamwambia mechi ya tatu imekaa vibaya, kwa sababu karatasi ilikuwa imejikunja pale. Akaifuta mechi ya tatu. Mkeka ukatiki. Siku iliyofuata nilikuta geti langu lina vijana, kina mama wawili wenye habari za waume zao, na kuku mweusi aliyefungwa miguu ambaye hakuna aliyekubali kwamba ni wake.

Kuku yule hadi leo tunaye. Hakuna mchinjaji mtaa huu atakayemgusa, na msichana wa kazi alisema wazi kwamba akipikwa yeye anarudi kwao Singida. Amemaliza mirehani yangu yote, anaogea kwenye chetezo, na analala juu ya kichwa cha nguva. Hapo ndipo wapita njia humkuta magharibi, na habari zinapata ukurasa mpya.

Kisha akatumwa bwana afya, kwa sababu ya mbu. Hili lilikuwa jambo la maana: yai la mbu huweza kuwa mbu kamili ndani ya wiki moja au mbili tu, na bwawa lisilo na samaki ni wodi yao ya wazazi. Lakini mimi nilikwisharudisha perege, waliokuwa wakilala chini ya mabomba niliyowawekea wajifiche dhidi ya kenge, nao walikuwa wakiwamaliza viluwiluwi wa mbu. Nikamkaribisha achote maji aone. Akabaki getini. Aliniomba nichote mimi, nitazame mimi, nimsomee kwa sauti nilichokiona. Nikasoma, “Hakuna.” Akaandika “Hakuna”, akagonga mhuri juu ya tangi la pikipiki na kuondoka bila kuzima injini, maana hakuwa ameizima tangu afike.

Jambo moja, hata hivyo, wote walilishuhudia. Wezi walipopita mtaa ule walibeba pampu ya jirani wa kushoto, tangi la jirani wa nyuma na nguo zote za kambani za mama wa genge. Kwangu waliacha hata ndoo. Jirani wa kushoto alikuja akiwa ameshika kofia mkononi, akauliza kama nguva anaweza kuazimwa wikendi.

Wiki iliyopita amekuja mwenyekiti wa mtaa. Pale kwenye kona kuna kibao kikubwa, “NI MARUFUKU KUTUPA TAKA NA KUKOJOA HAPA, FAINI SH 50,000”, na chini yake ndipo mtaa mzima hutupa taka na kukojoa. Alitaka sanamu. Si lazima iwe nzuri, alisema, na akaongeza haraka kwamba hana maana mbaya. Macho tu yawe yaleyale ya kijani.

Nikampigia hesabu: mfuko wa saruji, nondo, waya, usafiri, ufundi. Akashtuka, akasema mtaa hauna fungu hilo, nimpunguzie angalau nusu. Nilitazama kule kwenye mwarobaini kwa muda, nikamgeukia, nikamwambia taratibu kwamba mimi mwenyewe ningepunguza, ila bei hii si yangu.

Alilipa yote, na akasema haina haja ya risiti.