Mshenga wa Meno Kumi na Tisa

Kabatini kwangu, nyuma ya sahani za wageni, kuna mfuko wa rambo. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini Juni 2019, lakini huu haujapata habari, maana haujatoka nje tangu hapo. Ndani yake zinaishi adapta zangu za kuunganisha simu na runinga. Ziko saba kwa hesabu ya juzi: moja nzima, mbili wagonjwa, nne marehemu ambazo sijapata moyo wa kuzizika. Mama watoto huuita mfuko ule makaburi. Mimi leo nimekaa kuusifu.

Najua watu wazima husifu nini. Fumo Liyongo anasimuliwa kuwa aliusifu uta wake. Shaaban Robert alimwandikia Siti binti Saad wasifu mzima. Na hapa Kisongo, Arusha, siku ya mnada, utamsikia mfugaji akimsifu fahali wake mpaka fahali mwenyewe anageuza shingo kutazama ni nani huyo anayesemwa. Lakini kiwaya cha shubiri moja, chenye kidomo cha simu upande huu na tundu la HDMI upande wa pili, nani amewahi kukitungia hata ubeti? Kinaambulia matusi tu, tena siku za mechi, mbele ya watoto.

Na si kwamba hakina kwao. Babu zake ni zile nyaya tatu za deki: ya njano ilibeba picha, nyeupe na nyekundu zikabeba sauti. Plagi zile zilizaliwa Marekani miaka ya 1930 katika kampuni ya RCA, zikazunguka dunia zikingoja zamu yetu, nasi hatukuwa na haraka: Zanzibar walikuwa na runinga ya rangi tangu miaka ya 1970, sisi wa Bara tukaanza mwaka 1994. Kizazi changu kilijifunza rangi kwenye nyaya hizo kabla ya chekechea. Ukiingia kibanda umiza ukakuta midomo ya waigizaji inacheza na Lufufu, mfasiri wetu wa filamu, hasikiki, ulijua kuna mtu amegusa nyeupe. Na mwaka 2013, zamu ya Arusha ya kuzimiwa mitambo ya analojia ilipofika na TV za chogo zikabaki zimekodoa macho, ni nyaya zizo hizo zilizoziunganisha na king'amuzi zikaziongezea umri.

Baba yake, HDMI, ana nasaba ya kutisha zaidi. Kampuni saba, zikiwemo Sony, Philips na Toshiba, zilikaa kikao, na Desemba 2002 zikamtoa hadharani akiwa na pini kumi na tisa mdomoni. Meno kumi na tisa tu, na anatamka picha na sauti kwa pamoja bila kukwama. Binadamu kamili ana thelathini na mawili na bado anashikwa na kigugumizi mbele ya mkwewe.

Upande wa mama, yaani simu, ukoo umejaa ndoa za haraka. Nokia N95 ya 2007 ilitoa picha kupitia tundu la hedifoni. Mwaka 2010 ikaja MHL, iliyopenyeza picha kwenye kitundu cha chaji chenye pini tano. Watu walipokwisha kununua adapta zake, Samsung Galaxy S III ya 2012 ikaja na pini kumi na moja. Ikabidi kitengenezwe kipande cha kuiwezesha adapta ya zamani kuingia kwenye simu mpya. Adapta ya adapta. Wachoyo wa sifa wanasema huo ulikuwa uhuni. Mimi naona hapo ndipo ukoo ulipopanuka.

Kisha mwaka 2014 likaja tundu la C: pini ishirini na nne, halina juu wala chini, unachomeka hata gizani. Ungedhani shida imeisha. Nilipanda kifodi nikaenda mjini, mitaa ya stendi ndogo, nikamkuta kijana mwenye kimeza na kioo cha kukuzia, ananitazama kama daktari anavyomtazama mtu aliyejitibu mwenyewe kwa wiki mbili.

"Mzee wangu, simu yako inatoa picha?"

"Ina C," nilimjibu kwa kujiamini.

"C ni mlango tu, mzee. Si kila nyumba yenye mlango ina sebule."

Akanifafanulia, na alikuwa sahihi. Tundu ni lile lile kwa sura, lakini simu nyingi za bei zetu hulitumia kwa chaji na kuhamisha mafaili basi. Njia ya picha hazikuwekewa. Mwenye simu ya bei mbaya anayo, mwenye ya kwangu hana, na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Nilikuwa nimeshanunua adapta tatu kabla ya kuelewa kwamba mgonjwa alikuwa simu. Zote tatu nilizitukana, nikazigonga mezani, moja niliipuliza hadi nikapata kizunguzungu. Hakuna hata moja iliyonijibu. Nitajieni mtu mmoja wa Kisongo mwenye subira hiyo.

Kazi ya adapta hasa ni ushenga. Simu na runinga hazijuani. Kila moja ina lugha yake na maringo yake. Mshenga anapochomekwa, hakimbilii kupeleka picha. Anabisha hodi kwanza. Runinga inatoa hati ya kujitambulisha: mimi ni fulani, nimetengenezwa na fulani, picha ninazoziweza ni za ukubwa huu na huu, zaidi ya hapo msiniletee. Mshenga anairudisha hati ile kwa simu, simu inapima mfuko wake, inachagua kinachowezekana. Hapo ndipo kioo kinapopepesa mara mbili tatu na watu sebuleni wanapiga kelele, "Imekufa!" Haijakufa. Ni wazee wako ndani wanazungumza mahari, na ninyi mmekaa nje mnataka pilau.

Baada ya mahari huja swali la ukoo. Kuna utaratibu uitwao HDCP, ulioasisiwa na Intel, ambao kazi yake ni kuhakikisha filamu ya kulipia haipiti mikononi mwa asiye na hati. Mshenga wa bei ya mtumba akiulizwa, "Wewe ni wa boma gani?" anaanza kukohoa. Basi runinga huachiwa sauti, picha ikanyimwa. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa mbele ya kioo cheusi akisikia watu wakibusiana. Wengi hukasirika. Siku iliponitokea mimi, mama mkwe alikuwa amekaa kiti cha pili kutoka kwangu, na sijapata kumshukuru mshenga kama siku ile.

Wala msimdharau kwa udogo. Mwaka 2013 watu wa kampuni ya programu ya Panic, huko Marekani, waliona picha inayotoka kwenye adapta ya iPhone ina ukungu kidogo. Wakaikata. Ndani wakakuta chipu ya ARM na kumbukumbu yake, kompyuta kamili imejikunyata shingoni mwa waya. Kichwa chenye kazi nyingi hupata moto, na waya wangu nao hupata. Julai, baridi ya Meru inaposhuka hadi huku tambarare, paka wetu hulala ameukumbatia, na hajawahi kuulalamikia kuhusu ubora wa picha.

Lakini hizo ni sifa za ufundi, na ufundi peke yake haunipi usingizi. Sifa yake kubwa ni adabu.

Siku hizi wako wanaorusha picha hewani bila waya. Sawa. Lakini picha ikirushwa hewani, simu inabaki mkononi. Mwenye nayo anaondoka nayo hadi chooni, anatoka nje "kupokea ya kazini", anarudi na uso mwingine. Waya wangu wa HDMI, kutoka kwa mshenga hadi runinga, una mita moja na nusu. Simu ikishafungwa, imefungwa kama mbuzi aliyeletwa mnadani: itazunguka kigingi, itatazama huku na huku, haiendi popote. Inalala chali mezani mbele ya familia nzima, na kila inachoambiwa inakirudia kwa sauti ya inchi arobaini na tatu.

Jumapili moja, laini yangu ikiwa kwenye simu ya kuazima, tulikuwa tunaangalia harusi ya mpwa wangu, iliyopigwa kwa simu, na mzee, yaani baba mkwe, alikuwa ndiye mgeni wa heshima. Bibi harusi yuko katikati ya kulishwa keki, juu ya paji la uso wake ukashuka ujumbe kutoka kwa shemeji yangu: "Shem, yule mbuzi uliyesema amekufa nimemkuta mnadani. Mzima wa afya."

Mzee, ambaye ndiye aliyekuwa aletewe mbuzi huyo, aliusoma polepole, kwa sauti, kama anayesoma wosia. Kisha akaomba turudishe harusi nyuma kidogo, hakuona vizuri keki. Wiki iliyofuata alipata mbuzi wawili. Mniambie ni baraza gani la usuluhishi linalomaliza shauri kwa dakika moja, bila wakili, na keki juu.

Nakiri anazo tabia. Kisongo tuko upande mkavu. Mvua za Meru humalizikia kwenye migomba ya Tengeru na jirani zake, sisi tunaletewa upepo na vumbi. Vumbi lile huingia kwenye tundu la simu likajishindilia humo kama udongo wa kukandikia nyumba, na mshenga akija anakuta mlango umezibwa. Hapo panahitajika njiti, mkono mtulivu, na mtoto wa kushika waya umelala upande wa kushoto. Sisi tuliokua tukizungusha antena juu ya mlingoti, mtu ndani akipiga kelele "Hapo hapo! Umepita, rudi!", tunaona fahari kwamba kazi hiyo haijakosa mrithi. Na lipo la pili: simu ina tundu moja. Ukipitisha picha, chaji haina pa kuingia, labda uwe umenunua adapta yenye kitundu cha pili cha umeme. Ile ina bei yake. Mimi nilinunua ile nyingine.

Ndiyo niliyokuwa nayo usiku wa Jumapili, tarehe 21 Januari 2024.

Taifa Stars walikuwa San Pedro, Ivory Coast, wakicheza na Zambia kwenye AFCON. Tangu tulipokwenda Nigeria mwaka 1980, Tanzania ilikuwa haijawahi kushinda mechi hata moja ya fainali zile. King'amuzi kilikuwa kimeisha malipo. Nikaazima simu inayotoa picha, nikanunua bando, nikamchomeka mshenga, mwanangu wa pili akashika waya upande wa kushoto, na saa mbili usiku sebule yangu ikajaa: mzee kwenye kochi, majirani sakafuni, vijana wawili wa boda dirishani kwa nje. Dakika ya 11 Simon Msuva akafunga. Mtoto aliruka, waya ukachomoka, tukashangilia kioo cheusi kwa moyo wote. Kabla ya mapumziko Zambia wakabaki kumi uwanjani. Mzee akaanza kuhesabu kwa vidole miaka tangu 1980, vikamwishia, akaazima vya jirani.

Kipindi cha pili nilikuwa natazama vitu viwili, saa ya mchezo na kibetri kile chekundu pembeni. Dakika ya 84 simu ikaaga. Runinga ikaandika kwa Kiingereza kwamba hakuna kinachokuja.

Watu wakanyanyuka kutafuta chaji. Katika vurugu ile nilimwona kijana mmoja wa jirani akitoa simu yake mfukoni. Aliitazama kidogo tu. Nikamwona uso. Akairudisha mfukoni, akainama kumsaidia mtoto kukunja waya. Sijui wazazi wake walimfundisha wapi.

Mzee akanyoosha mkono kuzuia chaji. "Acheni simu ipumzike," alisema. "Tumeshinda. Kalaleni."

Tukapeana mikono, wote, hata wale wa dirishani. Vijana wa boda walipiga honi mpaka barabara kuu.

Asubuhi mzee alikwenda kunywa kahawa kijiweni, akarudi mapema kuliko kawaida. Walikuwa wamemwambia mambo ya Patson Daka wa Zambia, bao la kichwa dakika ya 88, sare moja kwa moja. Alikaa kimya, akaagiza chai, akainywa nusu.

"Hao walitazama kwa king'amuzi," akasema. "Sisi wa waya tulishinda."

Kisha akaniagiza nimrudishe mshenga kwenye mfuko wake, nyuma ya sahani za wageni, asiguswe na mtu hadi AFCON ya 2027 itakapokuja hapa kwetu.