Jinsi ya Kulilaza Trekta kwa Ndoo Moja ya Mchanga

Ndugu dereva, sogea karibu nikupe siri. Kulilaza trekta lenye ndoo ya mbele hakuhitaji mwendo kasi wala korongo refu. Tafuta mchanga uliolowa, haraka kidogo na watu wa kukutazama. Kisha fuata hatua hizi.

1. Usiulize uzito. Ndoo ya nusu mita ya ujazo huonekana ndogo, lakini mita nzima ya mchanga mkavu ina tani 1.6 hivi, na ukilowa hukaribia tani 2. Nusu yake, basi, ni kama tani 1. Wewe jaza mpaka ifurike, kwani lori linangoja na tajiri anatazama saa. Kitabu cha trekta, chenye kiwango cha mwisho cha mzigo, kiache kabatini.

2. Nyuma pawe patupu. Wenzako waoga hufunga vyuma kwenye magurudumu ya nyuma, hutia maji ndani ya tairi, au hutundika boksi la zege kwenye mikono ya nyuma. Usijisumbue. Tani 1 ikikaa mita 2 mbele ya ekseli ya mbele, na ekseli mbili zikiachana mita 2, magurudumu ya nyuma hupungukiwa tani 1, ya mbele huongezewa tani 2. Usukani ukiwa mzito, sema trekta limezeeka. Beringi, sili na tairi za mbele zitaharibika taratibu, na tajiri atamlaumu fundi.

3. Haidroliki ikigoma, ilazimishe. Mafuta yakifika presha iliyopangwa, vali ya usalama hufunguka na mikono ya ndoo haipandi tena. Hapo mashine imekukataza. Tafuta mtu wa kuikaza vali. Sasa mikono itapanda, na nguvu iliyozidi itahamia kwenye hosi, pini na rodi za silinda. Tandiboi naye mwache apite chini ya ndoo. Hosi ikipasuka ndoo huanguka, na aliye chini hapati nafasi ya kukimbia.

4. Inua juu ili waone. Ndoo ikiwa usawa wa magoti hakuna atakayekupiga picha. Ekseli ya mbele imeshikwa na pini katikati, hucheza kushoto na kulia kufuata ardhi, kwa hiyo trekta hutegemea zaidi magurudumu ya nyuma ili lisilale ubavu. Magurudumu hayo tumekwisha kuyapunguzia uzito katika hatua ya pili. Mzigo ukiwa juu, kata kona. Tuta moja la mahindi linatosha.

5. Shuka mteremko kifua mbele. Wenye busara hushuka kinyumenyume, polepole, ndoo ikiwa chini na mzigo upande wa mlimani. Wewe tanguliza ndoo. Matrekta mengi yana breki kwenye magurudumu ya nyuma tu, na gurudumu lisilo na uzito huserereka. Kanyaga breki kwa ghafla, uzito wote ukimbilie mbele.

6. Ng'oa fremu ya kinga, maana inagonga matawi ya miembe. Mkanda ukalie. Uswidi ililazimisha trekta jipya kuwa na kinga ya dereva mwaka 1959, na vifo vya kupinduka vikapungua sana. Wewe tegemea kuruka. Trekta likishaanza kupinduka, hutapata hata muda wa kuondoa mguu kwenye klachi.

Hizo ndizo hatua, na zinafanya kazi kila mahali, kwa dereva mgeni na kwa aliyezeekea kwenye usukani. Anayetaka kurudi nyumbani azigeuze zote: apime mzigo, aweke uzito nyuma, aiache vali kama ilivyotoka kiwandani, abebe ndoo chini, ashuke kinyumenyume, asimamishe fremu na afunge mkanda. Hakuna hata moja kati ya hizi inayohitaji shahada, na zote kwa pamoja ni nafuu kuliko ekseli moja.

Na wewe tajiri unayetazama saa, nakuomba: mwambie dereva wako leo, mbele ya wenzake, kwamba ndoo nusu mara mbili ni kazi nzuri. Akilisikia neno hilo kutoka kwako, hatakuwa na sababu ya kukuonyesha ujasiri.